Baba Alitaka Kuusikia Wasifu Wake

Kwetu Ntobeye, ukishajulikana kuwa ni mwandishi, hakuna anayekuuliza unaandika nini. Wanakuuliza kama umeshaarifiwa kuwa fulani amefariki. Mimi ndiye ninayeandika wasifu wa marehemu, ile karatasi inayosomwa kabla jeneza halijashushwa kaburini.

Kazi hiyo ndiyo iliyonifundisha kuandika, na ilinifundisha vibaya. Mlevi nilimwita mcheshi. Aliyempiga mkewe kila jioni nikamwita mtu mwenye msimamo. Mchoyo alikuwa mtunza mali hodari. Wafiwa walinishukuru kwa sahani ya wali na nyama, nami nilikula, tena nikaongezewa. Lakini asubuhi, kabla ya kwenda shamba, nilipokaa kuandika hadithi zangu mwenyewe, kila sentensi ilitoka ikinuka sanda. Nilijichukia. Nikaapa kwamba kama nimezaliwa kuandika, basi niandike la kweli hata moja kabla sijafa, nalo liwe maisha ya mama yangu, aliyetulea peke yake kwa jembe la mkono.

Ndipo baba akarudi.

Alikuwa ameishi Lusahunga tangu mimi nikiwa nanyonya, kwa mwanamke aliyekuwa akiwapikia madereva wa malori. Alipougua, yule mwanamke alimpakia kwenye lori la Rusumo kama gunia la mkaa, baba akashushwa njiani karibu na kwetu, na mama akampokea. Akamwogesha, akampikia uji, akampisha kitanda. Mimi nilimwamkia shikamoo kwa sababu majirani walikuwa wanatazama.

Mchana mmoja akaniita barazani.

"Nasikia wewe ndiye unayewaandikia wafu," alisema. "Niandikie na mimi. Nataka niusikie mwenyewe, nisije nikasomewa upuuzi na siwezi kujibu."

Nilifurahi, tena nilifurahi vibaya. Kesho yake nikamsomea, mama akiwa pembeni anamenya ndizi. Alizaliwa, alioa, akazaa watoto, akawaacha. Aliishi na mwanamke mwingine. Watoto wake walipolala njaa hakuwepo. Alirudi alipokosa pa kufia.

Ilikuwa kazi safi, haina neno la ziada. Sijawahi kuandika vizuri vile, kabla wala baadaye.

Baba aliitazama mikono yake. "Mbona hukuiweka ile sabuni? Niliwahi kutuma sabuni."

"Mche mmoja, baba."

"Basi uweke huo mmoja, mwanangu."

Nikamwambia karatasi imejaa. Haikuwa imejaa, na yeye aliiona. Akaanza kulia, kamasi zikimchuruzika hadi kidevuni, wala hakuwa na nguvu ya kuzifuta. Nikaikunja karatasi yangu taratibu, ili aone ninavyoikunja.

"Iweke sabuni," mama akasema.

"Mama, umesahau tulivyolala njaa?"

"Aliyelala njaa ni mimi. Wewe ulikuwa unanyonya."

Sikuiweka. Baba alipokufa, mzee wa kanisa aliombwa aandike wasifu mwingine, na humo baba akawa mpenda familia, na ule mche wa sabuni ukawa misaada ya kila aina. Mama alilia mpaka wanawake wakamshika mikono. Mimi nilisimama nyuma ya watu wote, nikisahihisha sentensi moja moja moyoni. Nilizichukia zote. Hata hivyo nilijipa moyo kwamba ya baba yamekwisha, sasa naweza kuanza kazi niliyoapia.

Matanga yalipoanuliwa nilimfuata mama jikoni. Nikamwambia nataka kuandika maisha yake, yote, bila kumpaka mtu mafuta, na kwamba anihadithie tangu siku aliyoolewa. Akaendelea kupepeta maharage. Nyumbani kwetu tunazungumza Kihangaza. Kiswahili mama anakiweka kwa ajili ya wageni na watu wa ofisini, na maishani mwangu hakuwahi kunisemesha kwa lugha hiyo.

Alipomaliza kupepeta alinijibu kwa Kiswahili.

"Yangu usiandike. Na siku nikifa, usisome wewe."