Maji Yasiyokupwa

Juzi nilikuwa Kisauni kwa mambo yangu, nikasema hebu nipite nikalione lile ziwa letu. Usicheke ninapoliita ziwa. Lilikuwa shimo la zamani la kuchimba mawe. Maji ya chini yalipolijaza, wenyewe wakalizungushia miti ya mivinje, wakatia samaki, wakaliita bustani. Kwa sisi watoto wa Chaani, tuliokulia vumbi la malori, hiyo ilikuwa pepo ndogo.

Aliyetupeleka ni jirani yetu, dereva wa lori pale Kipevu, mtu wa bara aliyezaliwa kando ya ziwa kubwa na hakuchoka kulisifu. Likizo moja alitupakia sote: wanawe, mimi, sufuria, makaa, na turubai la lori liwe hema letu. Bibi yangu wa Timbwani alikuja pia, kwa kuwa hakukubali nilale karibu na maji bila yeye. Bahari ilimchukua babu kabla sijazaliwa, na tangu hapo hakuna mjukuu aliyeruhusiwa kushika mshipi wa kuvulia samaki. Mimi nilikuwa na wangu, nimeuficha ndani ya nguo. Nilitamani kuvua hadi nikawa naota samaki.

Tulipofika, jirani akaanza kufunga turubai karibu kabisa na maji. Bibi akasimama na kikapu chake cha mahamri.

"Hamuoni mwezi? Leo ni bamvua, maji hujaa kupita siku zote. Maji yakija yatatukuta tumelala."

"Mama, hii ni ziwa," jirani akasema kwa upole. "Hii maji haiendi mahali."

"Maji yakijaa hupwa, mwanangu, na yakipwa hujaa. Maji ni maji."

Jirani alicheka mpaka machozi yakamtoka, lakini hema alilihamisha. Nani angebishana na Bibi? Tukalifunga juu kabisa, kwenye mivinje. Kabla ya magharibi Bibi akateremka peke yake, akachomeka kijiti pale ukingo wa maji ulipoishia, ili asubuhi atuoneshe ujinga wetu. Tukala ugali na mbaazi za nazi, vyura wakipiga kelele kana kwamba nao wamealikwa.

Alfajiri, Bibi alipomaliza kuswali, akanishika mkono tukashuka. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, na ng'ambo alisimama ndege mweupe kwa mguu mmoja. Sijapata kuona tena kitu kilichotulia namna ile. Kijiti kilikuwa pale pale, na maji yanakigusa vile vile kama jana. Bibi akainama akakitazama. Akazunguka, akakitazama kwa upande wa pili.

"Subhanallah," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Yamekaa usiku kucha."

Mwanamke huyu alijua maji kujaa na kupwa bila kutazama saa wala kuuliza mtu. Kumwona yeye anashangaa kuliniduwaza zaidi ya ziwa lenyewe.

Akavua viatu, akainua buibui, akaingia mpaka vifundoni. Akasimama humo muda mrefu. Nilikuwa sijamwona akitia mguu majini maisha yangu yote. Kisha, bila kugeuka, akasema, "Huo mshipi uliouficha, mwanangu. Ulete."

Nilipata ngege mmoja tu, kadiri ya kiganja. Bibi alimkaanga mwenyewe, akaonja, akakunja uso: samaki gani huyu asiye na chumvi! Akamkamulia ndimu, akamla mpaka ikabaki miiba mitupu.

Bibi hayupo sasa, na jirani alirudi kwao bara. Ziwa nalo nimelikuta nusu yake imefukiwa kifusi, magorofa yanapanda. Nusu iliyobaki ni tope lililokauka na kupasuka. Nilishuka hadi pale nilipodhani palikuwa na kijiti. Roho iliniuma, sikufichi.

"Bibi," nikasema peke yangu, "maji yamekupwa."

Nikangoja kidogo, maana ni yeye aliyenifundisha kwamba yakipwa hujaa.