Matembele ya Madame Phébé

Askari walipochimba mahandaki katika shamba lake nyuma ya uwanja wa ndege, mwaka wa 1999, wakati wa vita, Madame Phébé hakulia. Alikasirika. Mihogo haijakomaa, matembele ndiyo kwanza yametambaa, na askari mmoja akamwambia tu, "Mama, rudia. Hapa hakuna njia tena." Akarudi na jembe begani na konzi ya mashina ya matembele aliyoyakata harakaharaka.

Nyumbani kwake kulikuwa ghorofani, katika jengo la zamani karibu na stesheni: vyumba viwili, na balkoni ambako mumewe Salomon, mwuguzi, alianika viatu. Phébé aliviondoa viatu. Akaleta beseni lililotoboka, makopo ya maziwa ya unga na tairi iliyokatwa nusu, kisha akapandisha udongo ndoo kumi na saba. Akapanda lengalenga, vitunguu vya majani, mchaichai na mbegu chache za nyanya. Matembele akayaweka ukingoni kabisa.

Bomba la jengo lilikuwa limekauka tangu vita ianze. Kila alipotoka shuleni kufundisha alipitia kisimani, akapanda ngazi na maji kichwani. Na kila alipomwagilia, sauti ilitoka chini.

"Madame! Mayi yako inanyesha pa shati yangu!"

Huyo alikuwa Papa Kisimba wa ghorofa ya chini yao, karani mstaafu wa reli aliyefiwa na mkewe, mtu wa kupiga pasi mashati kana kwamba treni bado inamngoja.

"Pole, Papa."

"Pole haiwezi kukausha shati!"

Phébé akaweka sahani chini ya makopo. Akamwagilia kwa kikombe. Akamwagilia alfajiri, kabla mashati hayajaanikwa. Wapi! Mzee akamwandikia Salomon barua ya aya tatu, yenye tarehe na sahihi.

"Iko anajua kuandika," Salomon alisema akicheka.

"Weye uko upande wa nani?"

"Minyi niko upande wa mboga."

Phébé karibu amrushie kopo.

Kilichomsumbua zaidi ni matembele. Ndani ya balkoni yalistawi, lakini mashina yaliyoning'inia nje hayakurefuka hata kidogo. Akadhani ni viwavi, akanyunyiza majivu. Wapi!

Jumamosi moja, barua mkononi, alishuka kwenda kuijibu kwa mdomo. Mlango ulikuwa wazi. Papa Kisimba alikuwa mezani, tonge la bukari limeinuliwa, na mbele yake bakuli la matembele yaliyopikwa kwa mawese. Nyuma yake, kwenye balkoni ya chini, mashina mawili yalining'inia, yamekatwa vizuri kwa kisu.

"Papa Kisimba. Ile matembele ni ya wapi?"

Mzee alimeza polepole. "Ilishuka yenyewe. Ilifika kwangu."

"Mayi pia ilishuka yenyewe! Juu ya mayi uliandika barua. Juu ya matembele, je?"

Tonge likarudi sahanini. "Samaki ya Bukama haifike tena juu ya vita," alisema kwa sauti ndogo. "Na tangu mama wa nyumba alikufa... kuomba, Madame, iko nguvu, inanishinda."

Hasira ya Phébé haikuisha. Ilikosa tu mahali pa kusimama. "Basi utabeba mayi," akasema. "Bidoni moja kila siku. Minyi nimechoka na ngazi."

Mzee akabeba. Alipumzika kila baada ya ngazi tatu akiyalaumu magoti yake, na akifika juu hashuki. Alikaa kwenye kiti cha Salomon na kumfundisha Phébé kwamba lengalenga amezibananisha, kwamba vitunguu vinataka jua, kwamba marehemu mkewe asingetumia tairi. Salomon alimpikia chai ya mchaichai, kwa hiyo akazidi kukaa.

"Papa," Phébé alimwambia siku moja, meno yameumana, "hii bustani ni ya nani?"

"Ni yako, Madame. Nani alikatala?" Akainama, akang'oa gugu kwa uangalifu, akamwonyesha kwa fahari.

Ulikuwa mche wa nyanya, wa pekee uliokuwa umeota.