Somo la Mafuta

Karakana ya baba iko Kibondo, nyuma ya nyumba yetu, na mpaka leo nikiifungua asubuhi nasimama pembeni kidogo kabla ya kuingia, kama mtu anayempisha mkubwa wake. Sijui nampisha nani. Mke wangu ameshaniona mara nyingi na ameacha kuuliza. Ninachojua ni kwamba nikiingia bila kusimama mwili unanisisimka, na siku hiyo hakuna msumari unaoingia sawa.

Zamani nilikuwa na karakana yangu mwenyewe Kasulu, ya milango na vitanda, na kazi ilikuwepo. Siku moja mama akapiga simu akaniambia baba yako ametia patasi kwenye sufuria ya maharage. Tukacheka wote wawili. Baadaye akapiga tena, na safari hii hakucheka. Nikafunga Kasulu, nikapakia vyombo vyangu kwenye lori lililokuwa likitoka Manyovu, nikarudi nyumbani. Nilimkuta baba ameegemea benchi lake la kazi. Nikamwamkia.

"Marahaba, fundi," akasema. "Umekuja kutafuta kazi?"

Nilidhani ananitania, maana baba alikuwa na utani mkavu. Nikamjibu ndiyo mzee, natafuta kazi. Akanitazama viganja, akaridhika, akaanza kunitembeza karakana nzima niliyokulia. Utani ule haukuisha mpaka alipokufa.

Kilichoniuma ni kwamba baba alimjua mama. Alimjua jirani. Hata mbuzi alijua ni wa nani. Niliyefutwa ni mimi peke yangu, mwanawe pekee, kama alama ya penseli iliyopitiwa na msasa. Nilimwonea mama wivu, na sioni haya kulisema. Nilitaka kitu kimoja tu kabla baba hajaondoka duniani: aniite mwanangu, hata mara moja.

Badala yake kila asubuhi alinifundisha mafuta. Kwake fundi mgeni hakuanza na randa wala msumeno, alianza na chupa. Chupa ya kwanza ilikuwa ya mafuta ya cherehani, yale mepesi. "Tazama," alikuwa akisema, akidondosha tone kwenye jiwe la kunolea. "Bila mafuta, unga wa chuma unaziba jiwe. Jiwe lililoziba halinoi, linakwaruza tu." Kisha alichukua kitambaa chenye mafuta akafuta randa upande wa chini, iteleze juu ya ubao na isishike kutu msimu wa mvua. Msumeno nao aliufuta hivyo hivyo, kwa sababu ubao mbichi huubana. Mwisho ilikuwa zamu ya skurubu. "Mninga ni mgumu, utaikata kichwa. Ichovye kwanza, halafu uikaze bila papara."

Chupa ya pili ilitoka duka la dawa. Ni mafuta yasiyo na rangi wala harufu, yale wanayopewa watu waliofunga choo. Baba aliyatumia kwa vyombo vya jikoni: miko, vibao vya kukatia nyanya, mabakuli ya mbao. Aliitumbukiza chupa kwanza kwenye maji ya moto ili mafuta yazame vizuri ndani ya mbao. Mwenye duka, mzee aliyehamia huku kutoka Tanga, hakuchoka kunichokoza. "Bado tu, fundi? Karakana nzima haijapata choo?" Na wateja wote waligeuka kunitazama.

Mtu atauliza kwa nini tusipake mawese, na huku kwetu Kigoma Mungu ametujalia mawese. Baba alikuwa na jibu, na alinipa kila asubuhi. Mawese huoza ndani ya mbao, mwiko ukanuka na sisimizi wakahamia. Mafuta haya hayaozi. Wala hayakauki, ndiyo maana hutakiwi kuyapaka mahali utakapotia gundi au vanishi, kwani hakuna kitakachoshika. Akimaliza aliniuliza kama nimeelewa, nami nilimjibu nimeelewa. Kesho yake tulianza upya na jiwe.

Nilichoka. Nilikasirika pia, tena sana, na huwezi kumgombeza mtu asiyekujua. Basi nikafanya hila. Nilipokuwa mtoto niliwahi kupaka mawese miko yote aliyoagizwa na mteja, na baba alinifokea mpaka majirani wakatoka nje. Alimalizia kwa kusema, "Na huyu ndiye mwanangu wa kunizika!" Sasa nikachukua mwiko mpya, nikaupaka mawese mbele ya macho yake, nikangoja nifokewe. Akaupokea, akaunusa. Nikamwona anakaza uso.

"Si kosa lako, fundi," akasema kwa upole. "Hukupata wa kukufundisha."

Nilitoka nje nikalia nyuma ya rundo la mbao.

Asubuhi iliyofuata sikumwacha aanze. Nilichukua chupa mimi, nikamfanyia somo lote, jiwe, randa, msumeno, skurubu, miko, kwa maneno yake yale yale, hata pale anapokohoa nikakohoa. Baba alishika ukingo wa benchi kwa mikono yote miwili.

"Nani kakufundisha haya?"

"Baba yangu."

"Huyo ni fundi kweli," akasema. "Mwambie aje tuonane. Hapa sina mtu wa kuzungumza naye kazi."

Tangu siku hiyo somo likaisha, kukaanza kungoja. Aliagiza kiti kiwekwe karibu na benchi, cha mgeni, na hakutaka mtu akikalie. "Mwakeye, fundi," alinisalimu kwa Kiha. "Baba yako hajafika?" Nilimjibu yuko njiani. Siku nyingine nilisema kapita Nyakitonto msibani, siku nyingine barabara imeharibika kwa mvua. Alikubali yote kwa adabu, kisha akatazama mlangoni. Nikaanza kuiogopa karakana ile mchana kweupe. Kuna siku mlango uligonga kwa upepo, nikageuka haraka na maneno ya kumkaribisha mgeni yako mdomoni. Nilikuwa namtarajia mimi pia.

Katika ukoo wetu vyombo vingine vya fundi huazimwa, lakini randa yake hukabidhiwa mrithi. Hupakwa mafuta, hutolewa kwa mikono miwili, na siku ya kuondoa matanga wazee humuuliza mtoto mbele ya watu kama alikabidhiwa. Asipokabidhiwa, anaweza kufanya kazi humo, ila karakana haiitwi yake.

Baba alipozidiwa, alimwomba mama amletee randa na kitambaa kitandani. Akaipaka mwenyewe, chini, ubavuni, kwenye makali. Kisha akaninyooshea kwa mikono miwili. Nilipiga goti nikaipokea kwa mikono miwili, nikingoja kwa furaha aniite mwanangu.

"Mpelekee baba yako," akasema. "Mwambie nimemngoja sana."

Hakuamka tena kuuliza.

Siku ya kuondoa matanga, baba mdogo alisimama mbele ya watu. Sauti yake na ya marehemu ni moja, na wengine wetu tulikuwa hatujaizoea bado. "Mtoto wa marehemu," akasema, "randa alikukabidhi?" Mama alinitazama kutoka upande wa wanawake. Alikuwepo chumbani siku ile, alijua kila kitu, na macho yake yalikuwa yananiomba niseme ndiyo. Neno lenyewe lilikuwa fupi tu, na wala halikuwa uongo kabisa. Lakini niliisikia ile sauti, nikashindwa kuidanganya.

"Alinipa nimpelekee baba yangu," nikasema.

Mtu mmoja nyuma akaguna. Baba mdogo akanikazia macho.

"Na umemfikishia?"

"Bado."

Akajifuta uso kwa mkono wa koti. "Basi si yako," akasema. "Mtunzie mpaka aje."