Kama Phelim Amesema Ulitoka

Dympna Corrigan alizaliwa katika ukoo wa Galligan, kaunti ya Cavan huku Ayalandi, na ukitaka kumuudhi ungemwambia kwamba siku hizi yeye ni mtu wa kaunti jirani, Fermanagh. "Nimeolewa Fermanagh," angekujibu, "sikuzaliwa upya." Sasa amefia hukuhuku na amezikwa hukuhuku. Mimi nilikuwa jirani yake, shamba lao na letu limetenganishwa na ua wa miiba tu, na nisipomsimulia mimi watamsimulia wengine, tena vibaya.

Mama yao alifariki Dympna akiwa bado msichana wa shule, akamwachia kitindamimba, Fintan, hata kutembea hajajua. Baba alikuwa na ng'ombe wake, kaka wakubwa walikuwa na mambo yao. Dympna ndiye aliyemfundisha mtoto kutembea, kusali na kupiga mpira kwenye ukuta wa zizi. Hata alipoolewa na Phelim Corrigan, kijana alikuwa akivuka mpaka kwa baiskeli kila Jumamosi kuja kula kwa dada yake.

"Dada, leo kuna nini?"

"Kuna masikio yako, nitayakaanga usipovua hivyo viatu vya tope mlangoni."

Phelim alikuwa mkimya, mtu wa kufikiri mara mbili kabla ya kusema habari za asubuhi. Katika mpira wetu wa Kiayalandi, refa huja na watu wake wanne kutoka klabu yake mwenyewe, wawili kila goli, wamevaa makoti meupe kama wachinjaji. Mpira ukipita juu ya mtambaa wa panya katikati ya milingoti miwili mirefu ni pointi, mwenye koti anainua bendera nyeupe. Ukiingia wavuni ni goli, pointi tatu, bendera ya kijani. Ukitoka nje, anapanua mikono yake miwili. Refa wa huku kwetu alikuwa Mickey Owens, na Phelim alikuwa mtu wake. Dympna ndiye aliyelifua lile koti, akalitia wanga na kulipiga pasi mpaka likasimama lenyewe.

Ukafika mwaka ambao Cavan na Monaghan walikutana katika fainali ya jimbo, pale Clones. Kaunti hizo mbili zinapakana, zinavaa rangi zilezile mbili, buluu na nyeupe, na hazipendani hata kidogo. Refa akatafutwa Fermanagh, kwa kuwa sisi hatukuwamo. Kazi akapewa Mickey na watu wake. Na Fintan ndiye aliyekuwa mpigaji tegemeo wa Cavan.

Nilikuwa jikoni kwao siku Dympna alipomwambia mumewe ajitoe.

"Mwambie Mickey atafute mtu mwingine."

"Nikijitoa watasema hata mwenyewe sijiamini," Phelim akajibu. "Nikivaa koti sina mke wala shemeji."

"Na ukilivua utakuwa naye mke. Chakula ndicho sijui."

Tulicheka. Nakumbuka tulicheka sana.

Siku ya mechi mimi na Dympna tulisimama kwenye kilima cha watazamaji kando ya uwanja, tumebanwa na watu wa Monaghan mbele na nyuma. Kuna mama mmoja aliyekuwa hanyamazi. "Galligan! Mbuzi wa bibi yangu anapiga kuliko wewe!" Dympna akamgeukia. "Basi mleteni huyo mbuzi aje amkabe, maana wenu wameshindwa!" Hata wa Monaghan walicheka. Lakini mkono wake ulikuwa umenishika kiganja, na kadiri mechi ilivyosonga alinibana mpaka pete yangu ikaniumiza.

Ilipobaki dakika ya mwisho walikuwa sare. Fintan akaupata mpira kushoto, akamkwepa mtu, akapiga. Mpira ulipanda juu kuliko mlingoti wenyewe, ukapita juu kabisa ya ncha yake, na kutoka tulikosimama hakuna aliyeweza kusema umepita upande gani. Watu wa Cavan walikuwa wameshasimama, Fintan ameshainua ngumi hewani. Chini ya ule mlingoti alikuwa Phelim, ameinua uso. Alikaa hivyo muda mrefu mno. Kisha akapanua mikono. Umetoka.

Kipa wa Monaghan hakungoja. Aliupiga mbele haraka, ukafika upande wa pili, Monaghan wakapata pointi na filimbi ikalia. Cavan wakapoteza fainali kwa pointi hiyo moja.

Jioni Phelim aliingia nyumbani bado amevaa koti. Dympna akamuuliza mara moja tu.

"Ulitoka?"

"Ulitoka."

Akampokea koti, akaliloweka. Hakumuuliza tena maisha yake yote.

Kwao Dympna, kule Cavan, walisema Phelim alikuwa akimwonea wivu kijana. Walisema mengi, mengine siwezi kuyaandika. Baba yake alitamka kwamba gari la Corrigan lisionekane uani kwake, na Fintan akaacha kuja Jumamosi. Hakugombana, hakutuma neno, aliacha tu. Dympna aliendelea kumpikia majuma kadhaa, kisha akapunguza viazi sufuriani.

Lakini hakuyumba. Kwenye duka la nyama kule Cavan, mlangoni mwa kanisa, hata kando ya kitanda cha baba yake mgonjwa, jibu lake lilikuwa hilohilo: "Kama Phelim amesema ulitoka, ulitoka." Alilisema kwa utulivu, kama mtu anayetaja jina lake.

Baba alipofariki, Phelim alibaki ndani ya gari nje ya lango la kanisa. Dympna aliingia peke yake. Huku kwetu anayekuja msibani huwapitia wafiwa mmoja mmoja, anawashika mkono, anasema, "Pole kwa msiba wako." Ndivyo jirani anavyomwambia mfiwa. Fintan aliondoka kwenye mstari wa wafiwa, akamwendea dada yake, akamshika mkono na kumwambia maneno hayohayo, kana kwamba aliyelala pale jenezani ni baba wa Dympna na si wake.

Dympna alinijia kesho yake, akakaa jikoni kwangu hajavua hata koti. "Amenipa pole, Assumpta. Mtoto niliyempangusa kamasi. Amenipa pole kama mpita njia."

Nilikasirika. Nikamwambia, "Shoga yangu, na kama Phelim alikosea?"

Alinitazama kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona kwake. "Basi nimepoteza ndugu zangu bure. Usiniulize tena."

Sikumuuliza. Miaka ikaenda, nywele zikageuka mvi, maradhi yakamwingia kifuani, na mwaka huu majira ya kuchipua tukamzika.

Fintan alikuja. Amekuwa na kipara na tumbo. Baada ya kutoka makaburini watu walirudi nyumbani kwa chai na mikate ya nyama, kama desturi, na birika lilikuwa mikononi mwangu. Watu walipopungua nikamwona amekaa na Phelim sebuleni karibu na moto. Nilisogea kuwaongezea chai, ndipo Phelim alipoanza kusema. Hakujali nilikuwapo.

"Nikwambie kitu, Fintan. Siku ile sikuuona. Jua lilinipiga machoni, mpira ukapotea. Nikawaza, nikiinua bendera watasema nimempendelea shemeji yangu. Ndiyo nikapanua mikono."

Nilifikiri Fintan atamrukia. Yeye alikuwa akijisugua magoti tu.

"Ulitoka, shemeji."

"Unasemaje?"

"Ulitoka. Nilijua tangu mpira unaniacha mguuni. Niliinua ngumi kwa sababu watu wote walikuwa wamesimama. Halafu wewe ukapanua mikono, na Cavan nzima ikapata mtu wa kumchukia ambaye si mimi. Mwanzoni nilisema nitakuja kueleza Jumamosi. Kisha nikasema Krismasi. Kila nilipochelewa, ikawa ngumu zaidi."

Kwa hiyo Phelim alikuwa sahihi kwa bahati tu, na kijana alijua siku zote kwamba mpira ulitoka. Ningekuwa mimi ndiye Phelim, sijui ningelia au ningevunja kiti. Yeye alisema polepole, "Si mimi wa kuambiwa. Ungemwambia dada yako."

"Na wewe?" Fintan akamjibu. "Wewe ulilala naye kitanda kimoja."

Phelim aliinamisha kichwa. Kisha wote wawili wakaninyooshea vikombe bila kuniangalia, kama wanaume wa huku wanavyofanya wakijua kuna mwanamke amesimama na birika.

Dympna angewamiminia. Mimi nililirudisha birika jikoni.