Kifuniko Kilichozunguka

Wiki iliyopita niliitwa kwenye yadi ya vyuma chakavu, kando ya barabara ya Mashamba, kutazama mota iliyokuwa ikipata moto. Kazi yangu ni kusuka upya nyaya za mota. Nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu na kwa kuziunguza nyingi. Mashine ilikuwa mkanda mrefu, na kwenye ncha yake pipa ambalo ndani yake sumaku zinazunguka kwa kasi. Mkanda ulileta plastiki, makopo ya soda ya aluminiamu na vipande vya shaba. Plastiki ilianguka pale pale. Makopo na shaba viliruka mbele kama vimepigwa teke. Sababu yake naijua, ningeweza kukuchorea. Hata hivyo nilirudi nyuma hatua mbili.

Nilikuwa na miaka kumi hivi. Tulikaa katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi, nyumba za matofali zilizopangwa mistari, mbabula, jiko la makaa, ikifuka katika kila uwanja. Nililelewa na baba yangu na kaku, ndivyo sisi wa asili ya Kasai tunavyomwita bibi. Asubuhi ungesikia sombe ikitwangwa nyumba kwa nyumba, na harufu ile ya majani mabichi ya muhogo ilikaa mikononi hadi jioni. Nikimaliza kutwanga, nilifungua redio zilizokufa.

Kwetu hata mtoto alijua kwamba sumaku haishiki shaba wala aluminiamu. Wanunuzi wa shaba walipita na sumaku iliyofungwa kwenye kamba: ikinasa, umeumbuka, unawauzia chuma. Niliipenda kanuni hiyo kwa sababu haikuwa na ubishi.

Siku moja nilichomoa gurudumu la baiskeli ya baba, nikalilaza uani juu ya tofali lenye tundu ili liweze kuzunguka, nikafunga sumaku nne za spika kwenye spoku zake. Juu yake nilining'iniza kifuniko cha sufuria cha aluminiamu kwa uzi, kutoka kwenye kamba ya nguo. Nikazungusha gurudumu. Kifuniko nacho kikaanza kuzunguka, polepole, kikifuata upande ule ule.

Jirani yetu, mama wa kikundi cha maombi, alikuwa akianua nguo. Alicheka. "We mutoto, utaolewa na kinga?" Kinga ni baiskeli. Akasema kwamba ule ni upepo wa gurudumu tu.

Nilitaka kuhakikisha. Nikachukua kartoni ya sabuni, nikaiweka kati ya gurudumu na kifuniko, juu ya matofali, upepo usipite. Nikazungusha tena. Kifuniko kikazunguka.

Jirani aliacha kucheka. Alifungua sumaku moja, akaigusisha kwenye kifuniko, haikushika. "Haikamate," alisema kwa sauti ndogo. "Na mupepo haiko. Sasa ni nani anaizungusha?"

Kwa mikono yangu mwenyewe nilikuwa nimeondoa jibu la upepo, na likabaki moja tu. Mtoto wa mstari wa tatu alikuwa ameshukiwa ulozi, akapelekwa kwenye chumba cha maombi, akakaa huko siku nyingi bila chakula. Aliporudi hakumtazama mtu yeyote machoni. Muda si muda uwanja ulijaa wanawake. Jirani alisema nipelekwe siku hiyo hiyo, kabla baba hajatoka kazini. Mmoja alikuwa tayari ameshika mkono wangu. Nilijikojolea, na hilo nalo wakalihesabu kuwa ushahidi.

Kaku alitoka jikoni, vidole vimeganda unga wa bukari, ugali wetu. Walimweleza wote kwa pamoja. Hakuniuliza neno. Nilimwona akikizunguka kile kifuniko kwa mbali, kama mtu anavyompisha nyoka. Kisha akainama, akashika gurudumu. Akalizungusha kwa nguvu.

Kifuniko kilisita. Kikazunguka.

"Munaona?" alisema. "Na mi, inanizungukia. Kama ni bulozi, mi njo mulozi mukubwa. Huyu mutoto mumuache. Munibebe mi."

Hakuna aliyethubutu kumgusa mama mzee wa nyumba. Mkono ulioushika wangu ukaniachia. Waliondoka mmoja mmoja, bila kuaga.

Sikupelekwa. Lakini tangu siku hiyo hakuna aliyetuma mtoto kwetu kuomba chumvi, na kwenye misiba bukari aliyosonga kaku ilibaki kwenye beseni, haijaguswa. Aliendelea kuisonga.

Miaka mingi baadaye, katika kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada, nilisoma kwamba sumaku inayopita karibu na aluminiamu huamsha ndani yake mikondo ya umeme, na mikondo hiyo huifanya ikokotwe na sumaku inayokimbia. Ukurasa mmoja na nusu. Kaku alikuwa ameshakufa. Kambi ilibomolewa, pale tulipokaa sasa ni shimo la mgodi, na wanawake wale sijui wako wapi. Sina wa kumsomea ukurasa ule.

Kaku aliniuliza mara moja tu, akinisuka nywele, mwaka mzima baada ya siku ile.

"Uniambie kweli. Ilikuwa weye?"

"Sijui, kaku."

Vidole vyake vilisimama.

"Bon, basi," alisema. "Inamisha kichwa." Akaendelea kusuka.