Motere Iko Moto

Juzi, huko Luano, nilimwona kijana akimwagia maji injini iliyokuwa bado inafuka moshi. Nilimfokea mpaka watu wakageuka. Harufu ile ya mvuke na mafuta yaliyoungua ilinirudisha kwenye ua wa Mbelgiji aliyemwajiri baba yangu kama shofere wa gari lake.

Nilikuwa nimempelekea baba bukari, ugali wake wa mchana. Alikuwa ameifunika kabureta kwa kitambaa, akingoja, ndoo ya maji kando yake.

"Bwana, tungoje kwanza. Motere iko moto."

Bwana alimsukuma, akaitwaa ndoo, akamwaga. Chuma kililia paa! Gari halikuwaka tena. Mkewe alipotoka nyumbani, amevaa kofia na glavu kwa matembezi, bwana alimnyooshea baba kidole.

"Hapana, si baba!" nilipiga kelele. "Ni bwana njo alimwaga maji!"

Bwana akaanza kuvua mkanda. Kabla hajanifikia, baba alinizaba kofi, akanisukuma nje ya lango.

"Funga kinywa! Rudia ku nyumba!"

Niliamini baba alikuwa upande wa bwana, nikamchukia miaka mingi. Leo najua uzito wa mkanda ule. Chuki yangu sikuitupa. Niliipeleka kwa mwenyewe, yule bwana.