Mkunga wa Moa na Mwanawe

Siku yangu ya kwanza kazini, katika wodi ya wazazi ya hospitali moja mjini Tanga, sikumgusa mama yeyote. Matroni, yaani mkuu wa wauguzi, alinipa ndoo, dawa ya kuoshea na rundo la mipira, yale mashuka mazito yanayotandikwa chini ya mama anayejifungua. Akaniambia nisugue mpaka maji yatoke meupe. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu, sare imenyooka kwa pasi, nikaona nimedhalilishwa. Alikuwa mama wa Kibondei, mrefu, asiyecheka ovyo. Adhuhuri akapita kunitazama.

"Umejua kwa nini nimekupa kazi hii?"

"Sijui, Matroni."

"Ili uizoee damu ikiwa haina mwenyewe. Kesho utaiona inamtoka mtu, na hapo hutakuwa na muda wa kushtuka."

Chini yake nilijifunza kazi. Mapigo ya moyo wa mtoto tuliyasikiliza kwa fetoskopu, kidude chenye umbo la tarumbeta. Upande mmoja unauweka tumboni kwa mama, mwingine unautegea sikio, nawe unabana pumzi ili usikie. Uchungu tuliufuatilia kwenye chati, saa baada ya saa. Lakini Matroni alichokikazania ni hatua ya tatu, baada ya mtoto kutoka na kabla ya kondo la nyuma kutoka. "Mtoto akilia kila mtu hucheka," alikuwa akisema, "na mama hukuponyoka wakati huohuo wa kucheka." Ninyi wauguzi vijana mnaonisoma, hilo halijabadilika hata kama vifaa vyenu ni vipya.

Kutoka Tanga nikahamishiwa kituo cha afya cha Maramba. Huko ndiko mume wangu alikofariki kwa homa, akaniacha na binti mmoja, Rehema, akiwa darasa la pili. Mganga Mfawidhi, msimamizi wa kituo, Mshambaa mpole sana, aliniita baada ya eda akaniuliza kama nataka kurudi kwetu.

"Nikirudi nitakula nini, Mganga?"

"Basi kaa. Mtoto tutamlea wote."

Na kweli walimlea. Rehema alikulia barazani mwa kituo kile, akipishana na wajawazito, akizijua sura zao kuliko hata mimi. Alipofika sekondari nikapelekwa Moa, zahanati ya vyumba vichache karibu na mashamba ya chumvi, na hapo nikawa ndiye mkunga. Nilikuwa na mhudumu mmoja tu wa kunisaidia, Mwanasiti, mwenyeji wa palepale.

Rehema akaolewa na Shabani, kijana mvunaji wa chumvi. Alikuwa mtaratibu, akiniita Mama tangu siku ya posa. Mimba ya kwanza ilipofika miezi yake, Rehema akaja kujifungulia kwangu, kama ilivyo desturi yetu. Asubuhi ile alikuwa akinitania.

"Mama, leo unizalishe kama mgeni. Usinionee huruma."

"Nikikuonea huruma nani atakuzalisha?"

Alijifungua mchana, mtoto wa kiume. Kondo likatoka zima, nikalikagua. Kisha damu ikaanza, na haikukoma. Nilimchoma sindano ya kuukaza mji wa mimba, nikamtundikia dripu, nikamkanda tumbo, mwisho nikaukandamiza mji wa mimba kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa. Ukikaza, unalegea tena. Gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka mgonjwa mwingine upande wa Amani, milimani. Shabani akakimbia akarudi na lori la chumvi. Tukamlaza juu ya magunia, mimi nimepiga magoti nikimkandamiza, Mwanasiti ameshika chupa ya dripu. Masika yalikuwa yameiharibu njia. Dereva alikuwa akijitahidi, akimwomba Mungu kwa sauti kila tulipozama kwenye tope.

"Mama, naona baridi," Rehema aliniambia. Sikumsikia tena akisema neno. Tulipoifikia lami mikono yangu ilikuwa bado inakandamiza, na Mwanasiti ndiye aliyenishika mabega akaniambia niache.

Mtoto naye hakumaliza wiki.

Mganga Mkuu wa Wilaya alikuja mwenyewe kunihani. Aliuliza kila hatua, nikamjibu. Kisha akasema, "Hukuacha kitu. Hata mimi nisingefanya zaidi." Alidhani ananifariji. Neno lile ndilo lililonimaliza. Laiti ningekosea, ningekuwa na mahali pa kuanzia kulia. Nilikuwa nimefanya yote niliyoyajua duniani, na mwanangu akanifia mikononi.

Akataka kunihamishia kwenye chanjo. Nikakataa. Msinisifu kwa hilo. Kwangu palikuwa kimya mno, na zahanati ilikuwa na kelele.

Baada ya arobaini nikarudi, na wajawazito hawakuja. Nilimsikia mmoja dirishani akimwambia mwenzake, "Wake mwenyewe hakumponya, atakuponya wewe?" Hata mimi nilikuwa nikijiuliza hivyohivyo. Kwa muda mrefu nilifungua mlango asubuhi, nikafuta vumbi kitandani, nikaketi. Niliswali, nikamwomba Mungu anichukue, akanipa asubuhi nyingine. Baadaye wakaanza kurudi mmojammoja, si kwa kuniamini bali kwa kuwa kwingine ni mbali na uchungu haungoji. Nikawazalisha. Sikuwa nahisi chochote. Nilikuwa nikiwapa watoto wao kama muuza duka anavyompa mtu sukari.

Karibu na mwisho wa utumishi wangu Shabani akaja zahanati. Alikuwa ameoa tena, nami nilikuwa nimeijua harusi ile na sikwenda. Alisimama mlangoni, macho chini.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"Saumu uchungu umemshika. Nimeambiwa nimpeleke mjini. Lakini mimi nilikuwa kwenye lori lile, Mama. Niliona ulivyofanya. Sina mwingine wa kumkabidhi."

Nilitaka kumfukuza, na hilo nalisema bila aibu. Nikamwambia amwingize.

Saumu alikuwa binti mdogo wa umbo, mwoga, akinishika mkono hadi kucha zinaingia. Alijifungua jioni, jua lingalipo. Mtoto wa kike akalia, Mwanasiti akacheka, mimi sikucheka. Kondo likatoka, na damu ikaanza kuja zaidi ya kawaida. Nikachoma sindano. Nikaweka kiganja tumboni nikakanda. Mwanasiti alikuwa ameacha kucheka. Kisha mji wa mimba ukakaza chini ya kiganja changu. Nikangoja ulegee. Haukulegea. Nilikaa hapo na mkono wangu muda mrefu sana baada ya haja kwisha, mpaka Saumu akaniuliza, "Bibi, kuna nini?"

"Hakuna kitu, mwanangu. Pumzika."

Nje palikuwa na mama yake Saumu, amesimama, kitambaa cha kanga mdomoni.

"Mwanao mzima," nikamwambia.

"Na mtoto?"

"Mtoto naye mzima. Lakini mwanao mzima."

Aliniangukia begani akalia. Nilimwonea wivu. Na katika wivu ule nikajua thamani ya nilichomletea, maana ndicho nilichokikosa mimi. Kina mama wangapi walikuwa wamesimama pale nje kabla yake, na mimi nikapita na ndoo yangu bila hata kuwatazama usoni?

Walitaka kumwita mtoto Rehema. Nikakataa. Rehema alikuwa mmoja.

Sasa nimestaafu, nakaa chumba cha uani kwa dada yangu Tanga. Watu huniuliza kama nimepoa. Sijapoa. Kazi haikuniponya, haikunieleza kwa nini mwanangu. Ilinipa tu mahali pa kuamkia, na tangu niiache asubuhi ni ndefu na baridi ya lori lile hunirudia. Nesi aliyeshika nafasi yangu Moa hunipigia simu akipata uzazi mgumu.

"Bibi, shikamoo. Yule mama niliyekueleza kajifungua, hajambo."

"Marahaba. Mama yake yuko wapi?"

"Yuko nje."

"Basi kata simu," humwambia, "ukamwambie."